Nani Alikutana na Nani? Historia ya Makutano ya Watu Songea na Takwimu za Simu za Mkononi

Swali la nani alikutana na nani ni la msingi katika historia ya lugha, kwani lugha haienei kwa amri peke yake, bali huenezwa na watu wanaokutana. Katika miaka ya karibuni swali hilo limepata chombo kipya, yaani kumbukumbu za mahali zinazoachwa na simu za mkononi. Mhadhara huu unakipima chombo hicho kwa kukilinganisha na ushahidi wa kale zaidi kutoka Songea, mkoani Ruvuma.

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha yenyewe. Wangoni walioingia eneo hilo katika karne ya 19 walikuwa na asili ya kusini mwa Afrika na lugha ya jamii ya Kinguni. Waliwatawala wenyeji, lakini baada ya vizazi vichache wakachukua usemi wa wenyeji hao. Kingoni cha Songea cha leo kinakaribiana zaidi na lugha za jirani, kama vile Kimatengo, kuliko Kizulu. Miongoni mwa yaliyosalia ni maneno ya utawala na vita: nkosi, yaani mtawala mkuu, na nduna, cheo cha Songea Mbano ambaye mji huo umepewa jina lake. Hapakuwa na daftari la kuorodhesha nani alioa kwa nani, wala nani alilima na nani. Hata hivyo, makutano hayo yamehifadhiwa katika sarufi na msamiati.

Ushahidi wa pili ni simulizi. Wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905–1907, habari za dawa zilipelekwa na wajumbe kutoka kijiji hadi kijiji mpaka zikafika Ungoni. Utawala wa Kijerumani ulilipiza kisasi kikali: tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mnamo 1968, wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam waliwaendea wazee wa maeneo ya vita na kuandika masimulizi yao. Njia za wajumbe wale zilijulikana kwa sababu watu walikubali kuzisimulia.

Ushahidi wa tatu ni wa simu. Kila mtu anapopiga simu au kutuma ujumbe, kampuni huhifadhi saa na mnara uliotumika. Huko Zanzibar, kumbukumbu za watumiaji 770,369 za Oktoba hadi Desemba 2008 zilitumiwa kukadiria jinsi wasafiri walivyoingiza malaria visiwani. Nchini Kenya, kumbukumbu za simu karibu milioni 15 za 2008 na 2009 zilitumiwa kwa lengo kama hilo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulikwenda mbali zaidi: ulihesabu makutano bilioni 1.6 ya watu milioni 9.6, na kubaini kwamba katika miji mikubwa matajiri na maskini hukutana kwa nadra zaidi kuliko katika miji midogo. Watu wawili walihesabiwa kuwa wamekutana iwapo simu zao zilikuwa umbali usiozidi mita 50 ndani ya dakika 5.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuuliza: je, mita 50 ni makutano? Kwa Waswahili, aliyepita bila salamu hakukutana na mtu. Mkulima wa kahawa kutoka Mbinga anayeuza na kununua sokoni Songea anaweza kusema Kimatengo na ndugu yake na Kiswahili na mfanyabiashara, papo hapo, chini ya mnara mmoja. Mnara hauwezi kutofautisha mazungumzo hayo mawili. Aidha, simu moja yaweza kutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja, na asiye na simu haonekani kabisa.

Lipo pia suala la usalama wa watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu milioni 1.5 ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao, hata majina yakifutwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Umuhimu wa kinga ya namna hiyo unaeleweka vyema Songea. Laiti boma la mwaka 1905 lingekuwa na orodha ya kila aliyesimama karibu na mjumbe wa maji, waliofikishwa kwenye kitanzi huenda wangekuwa wengi zaidi, wakiwamo wapita njia tu.

Kwa hiyo takwimu za simu hazifai kupuuzwa, wala kupewa nafasi ya ushahidi uliotangulia. Zikijumlishwa bila kumfuata mtu mmoja mmoja, zaweza kuonyesha barabara, masoko na majira ambamo watu wa Ruvuma hukaribiana. Baada ya hapo mtafiti hana budi kwenda sokoni, kuomba ridhaa, na kusikiliza ni lugha gani inayosemwa, na nani anaamkiwa kwanza.