Umbali na Ukaribu: Mshangao wa Picha Unapotazamwa kutoka Mahagi-Port

Katika fikra za Ulaya za karne ya 18, nadharia iliyopata nguvu zaidi kuhusu mshangao ilijengwa juu ya sharti moja, nalo ni umbali. Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757 juu ya uzuri na ukuu unaotisha, yaani ile hali ya nafsi kuzidiwa na kitu kikubwa mno hata hofu na furaha zikachanganyika, alishikilia kwamba hatari inayomsogelea mtu kupita kiasi haiwezi kumpa furaha yoyote, na kwamba dhoruba, giza au jabali hupendeza pale tu mtazamaji anapokuwa salama. Immanuel Kant aliifuata njia hiyo mwaka 1790, akaongeza kwamba mtu aliye salama, akiutazama ukubwa wa maumbile, hugundua ndani yake akili ambayo ukubwa huo hauwezi kuishinda. Fikra hiyo imerithiwa, mara nyingi bila kutajwa, na wengi wanaoandika leo kuhusu picha za nyota na za dunia ionekanavyo kutoka angani. Makala haya yanadai kwamba sharti la umbali ni nusu tu ya ukweli, na kwamba upungufu wake hudhihirika likipimwa mahali kama Mahagi-Port, ambako mshangao huzaliwa pale mtazamaji anapoweza kwenda na kurudi kati ya mbali na karibu.

Mahagi-Port ni bandari ndogo ya Ituri, mashariki ya Kongo, katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Albert, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, ambako Waalur wamevua na kufanya biashara kwa vizazi vingi, na ambako katika enzi ya ukoloni meli zilitia nanga zikitokea Butiaba, ng'ambo ya Uganda. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 160 na upana wa kilomita zipatazo 30, nalo limelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, yaani lile bonde refu lililofanyika pale gamba la dunia lilipovutwa pande mbili likapasuka na sehemu ya kati ikadidimia. Uso wa maji uko mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya ufuo ardhi hupanda kwa ukali hadi nyanda za juu zinazopita mita 1500. Anayesimama ufuoni amesimama ndani ya ufa. Kuta ziko nyuma yake, na kuta za upande wa pili, siku isiyo na ukungu, huonekana kama mstari hafifu juu ya maji. Kwa maneno mengine, mtazamaji wa Mahagi-Port hana ile nafasi ambayo Burke aliifanya kuwa sharti, kwa kuwa yumo ndani ya kitu chenyewe.

Hali hiyo huwa nzito zaidi usiku. Hewa ya nyanda za juu hupoa upesi baada ya jua kutua na kuteremka kuelekea ziwani, ambako maji yangali na joto la mchana. Hewa hizo zikutanapo juu ya maji husukumwa kwenda juu na kufanya mawingu ya radi, na ndiyo maana juu ya maziwa makuu ya Afrika dhoruba nyingi huja wakati wavuvi wako kazini. Ziwa Albert halina kina kirefu, kwani hata pale penye kina kikubwa kabisa hakifiki mita 60, na maji ya kina kifupi huinua mawimbi mafupi na makali kwa muda mdogo. Mvuvi aliyewasha taa ili kuwavuta dagaa hauoni umeme kama mandhari ya kutazamwa dirishani. Hata hivyo, kudai kwamba mtu huyo hana mshangao, kwa sababu tu hana usalama, ni kumnyima kitu ambacho kazi yake yenyewe inakithibitisha: yeye huusoma umeme, huipima nafasi kati ya mwanga na ngurumo, hulitambua wingu linalokwenda na linalokuja, na umakini wa namna hiyo hauwezi kutenganishwa na kustaajabu. Anachokosa ni umbo zima la jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za miaka 16 za TRMM, setilaiti ya Marekani na Japani iliyopima mvua za ukanda wa joto, uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa mahali pa kwanza Afrika na pa pili duniani kwa wingi wa umeme wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake, kwa zaidi ya mimweko 200 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ramani iliyotokana na kumbukumbu hizo, ambayo juu yake mashariki ya Kongo huwaka kuliko sehemu nyingine yoyote ya bara, humpa mtu wa ziwani ule umbali ambao mtumbwi haukuweza kumpa kamwe.

Lakini umbali ukiachwa peke yake hupotosha, na mfano wa jambo hilo uko katika historia ya ziwa hilihili. Tarehe 14 Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker alilitazama kutoka juu ya genge la ufuo wa mashariki, akaona milima ya buluu upande wa magharibi, yaani upande wa Kongo ya leo, na kusini akaona maji yasiyo na mwisho. Kwa kuzidiwa na alichokiona, aliliandika na kulichora ziwa kuwa kubwa kupita lilivyo, likienda kusini mbali sana, na ramani za Ulaya zikaufuata mshangao wake. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi alilizunguka kwa mashua, akipita karibu na fuo zake, na ziwa likarudi kwenye ukubwa wake wa kweli. Kosa la Baker linastahili kueleweka kwa upole: macho yake yalikuwa mazima, ila hakwenda kusini kukipima alichokiona, hivyo ukuu ukajaza mahali pa ujuzi.

Ukaribu nao ukiachwa peke yake hupotosha vilevile. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston alipeleka London vipande viwili vya ngozi yenye milia kutoka msitu wa Ituri, vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda, na mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alimpa mnyama huyo jina la kisayansi lililomweka katika jamii moja na punda milia. Ngozi ilikuwa ya kweli, milia ilikuwa ya kweli, na uamuzi haukuwa sahihi. Ngozi nzima na mafuvu vilipofika mwaka huohuo, ilibainika kwamba okapi ni ndugu wa twiga. Wambuti wa msitu huo, waliomjua mnyama huyo akiwa mzima, akitembea katika mwanga uliokatwakatwa na majani, hawakuwa na haja ya kusahihishwa; wao walikuwa na kipande na mnyama mzima kwa pamoja.

Ni kwa kipimo hicho, cha uwezo wa kwenda na kurudi, kwamba picha maarufu za angani zinapaswa kuhukumiwa. Picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, kutoka umbali wa kilomita zipatazo 29,000, inaionyesha Afrika karibu yote, na tangu hapo imesemwa mara nyingi mno kwamba inafundisha umoja wa wanadamu kwa kuwa haionyeshi mipaka. Maneno hayo ni mepesi kwa asiyeishi mpakani. Mpaka wa Kongo na Uganda hupita ndani ya Ziwa Albert bila alama juu ya maji, na mvuvi aliyesukumwa na upepo hadi upande usio wake huweza kukamatwa na doria, kupoteza wavu na injini. Kwa mtu huyo, picha isiyo na mpaka haijasema kweli yote. Imeonyesha kwamba kitu kinachotawala maisha yake hakionekani kabisa kutoka juu, na hilo ni la kustaajabisha kuliko fundisho la umoja, kwa sababu linamrudisha mtazamaji majini akiwa na swali.

Picha za setilaiti za siku hizi zinafaa zaidi kwa safari hiyo ya kwenda na kurudi. Mfululizo wa setilaiti za Landsat umeipiga picha nchi kavu ya dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 hazina yake yote inapatikana bila malipo. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, huonyesha vitu vyenye ukubwa wa mita 10. Katika picha hizo Mto Naili, ukitoka upande wa Uganda, huonekana ukiingia katika ncha ya kaskazini ya ziwa kupitia matete na matope, kisha ukitoka tena bila kukawia kuelekea kaskazini, kana kwamba ziwa zima lilikuwa kona ya njia tu. Mkazi wa Mahagi-Port anayajua maji hayo kwa mkono na kwa pua, lakini hajayaona kamwe yakifanya kona. Vilevile maji yalipopanda mwaka 2020 na kufunika sehemu za kingo za ziwa, picha za kabla na za baada ziliweza kuwekwa pamoja, na nyumba ambayo familia iliikumbuka kama nyumba ikawa pia sehemu ya mstari wa ufuo uliohama. Mshangao wa namna hiyo unaumiza, na bado ni mshangao.

Dhidi ya picha za anga za mbali hutolewa pingamizi jingine, kwamba rangi zake ni za kubuni na kwamba anayestaajabu amedanganywa. Mfano unaotajwa sana ni picha ya nguzo za gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya anga ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995; nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi kati ya nyota, na hilo liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 6500, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima. Kamera ilipiga picha zisizo na rangi kupitia vichujio vinavyopitisha mwanga wa kemikali moja moja, kisha wanasayansi wakaipa oksijeni rangi ya buluu, haidrojeni kijani na salfa nyekundu. Hakuna jicho ambalo lingeona hivyo hata likisogezwa karibu. Mwanahistoria wa sanaa Elizabeth Kessler ameonyesha, katika kitabu cha mwaka 2012, kwamba uchaguzi wa rangi na wa mwelekeo wa picha za Hubble unafanana na ule wa wachoraji wa mandhari ya magharibi ya Marekani wa karne ya 19, kama vile Thomas Moran. Jambo hilo ni kweli, lakini halifanyi picha kuwa uongo, kwa kuwa kila rangi ndani yake inajibu swali linaloweza kuulizwa: hapa kuna kemikali gani? Anayejua hivyo anaweza kuikaribia picha, kuifungua na kurudi tena mbali kuitazama, na anayoyaona mara ya pili ni mengi kuliko ya mara ya kwanza. Aliyenyimwa maelezo hayo ndiye aliyedanganywa, na aliyemdanganya ni mchapishaji aliyeyaondoa.

Sanaa ya Ituri yenyewe inatoa mfano mkubwa kuliko huo, nao umepewa uzito mdogo isivyo haki. Katika msitu ulio magharibi ya ziwa, wanaume wa Kimbuti hubandua gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu na kulipondaponda kwa nyundo hadi likawa nguo laini, na wanawake hulichora kwa vidole na vijiti, wakitumia wino mweusi wa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na mkaa. Michoro hiyo ni ya mistari, vitone, nyavu na vimiani, nayo huanza kujirudia kisha ikakataa: mstari hukatika, safu huhama, pembe nzima huachwa tupu. Georges Meurant na Robert Farris Thompson, katika kitabu chao cha mwaka 1995, walizichukua nguo hizo kwa uzito unaostahili mchoro wowote mkubwa, na Thompson aliuhusisha utupu huo na uimbaji wa Wambuti, ambamo kila sauti huingia na kunyamaza ili nyingine isikike. Hoja hiyo inashawishi, kwa kuwa anayeitazama nguo kwa muda hugundua kwamba jicho lake linasubiri mahali ambapo hakuna alama.

Nguo hiyo, zaidi ya hayo, haikufanywa itazamwe ukutani. Ilivaliwa, ikapita katikati ya miguu na kukunjika juu ya mkanda, ikachakaa na kubadilishwa. Mchoro wake ulionekana ukitembea, sehemu ukifichwa na sehemu ukifunuliwa, nao uligusana na ngozi. Ikiwa kipo kitu kinachoivunja kanuni ya Burke kwa utulivu kabisa, ni hiki, kwani hapa hakuna hatari wala umbali, hakuna ukubwa wa kutisha, na bado jicho lililozoea huzidiwa. Wakati huohuo, nguo ileile ikitandazwa na kutazamwa kutoka hatua kadhaa huwa kama msitu ulioonwa kutoka juu, wenye mapito, mapengo na mito, ijapokuwa si lazima mchoraji alikusudia hivyo. Kutundikwa katika makumbusho kumeipa umbali na kuiondolea ukaribu, yaani kinyume kabisa cha yale yaliyompata mvuvi alipooneshwa ramani ya radi. Mtazamaji wa jumba la makumbusho anahitaji kuambiwa jinsi gome linavyopondwa na jinsi nguo inavyovaliwa kwa kiasi kilekile anachohitaji kuambiwa habari za vichujio vya Hubble.

Katika jambo hilo pana dhuluma inayoweza kusahihishwa. Yeyote anayeitazama picha ya nguzo za Nebula ya Tai aweza kujua kwamba iliandaliwa na Jeff Hester na Paul Scowen, kwa kamera ipi, siku ipi na kwa vichujio vipi, ilhali kwenye nguo nyingi za magome zilizomo katika makumbusho na maghala ya sanaa ya Ulaya na Marekani, maelezo hutaja msitu, kabila na karne, lakini hayamtaji mwanamke aliyechora. Bila jina, mahali na siku, mtazamaji hana pa kurudi. Amebakishiwa umbali peke yake, kama Baker juu ya genge lake. Kazi ya kuandika majina ya wachoraji walio hai huko Mambasa na Epulu, mti walioutumia, aliyeponda gome na aliyewafundisha kuchora, haihitaji maabara wala ruhusa kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Bunia wanaweza kuifanya kwa daftari na kwa Kiswahili cha Ituri ambacho wao na wachoraji hao hukitumia tayari, kisha makumbusho yakaombwa, nguo kwa nguo, kuyarekebisha maelezo yake.