Simba wa Tsavo katika Senema

Msomaji mwema, ukipita Tabaka, katika nchi ya Wagusii, utawaona mafundi wakimtoa simba katika jiwe la sabuni. Aghalabu simba huyo ana sharafa, yaani manyoya marefu ya shingoni, maana mnunuzi ndivyo amjuavyo simba. Mchongaji hana kosa. Anauza pambo, hauzi historia. Lakini senema iitwayo The Ghost and the Darkness, iliyotoka mwaka 1996, ilituahidi kisa cha kweli, nayo vilevile ikawavika sharafa simba wa Tsavo ambao hawakuwa nayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Machi 1898, J. H. Patterson, ofisa wa jeshi la Uingereza, alikuja kujenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo. Kwa muda wa miezi tisa simba dume wawili waliingia kambini usiku na kuwakokota watu kutoka mahemani mwao. Maboma ya miiba hayakufaa kitu. Wafanyakazi wengi waliamini kuwa hao si wanyama, bali ni mizimu ya machifu wawili waliochukia reli kupita katika nchi yao. Mwezi wa Desemba kazi ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29.

Senema hiyo haikosi uzuri. Imani ile ya mizimu haikuidhihaki. Simba huwaficha majanini, nawe huwasikia kabla ya kuwaona; kwa kazi hiyo ya sauti ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 1997. Nadhani waliolala Tsavo waliijua hofu ya namna hiyohiyo.

Kwamba ilipigwa Afrika Kusini, hilo mimi silihesabu. Kosa lake kubwa ni Remington, mwindaji Mmarekani aliyeigizwa na Michael Douglas. Mtu huyo hakuwako kamwe. Nao waliokuwako, je? Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, akasema kwamba Waafrika waliokufa hawakuandikwa popote. Baadaye alidai waliokufa wote ni 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria watu 35 hivi. Fikiri basi, msomaji: mtu wa kubuni alipewa jina, bunduki na kifo cha kishujaa, na Mwafrika aliyeliwa kweli hata katika hesabu hakuingia.

Ngozi za simba hao zilikuwa mazulia ya Patterson kwa miaka mingi, hata mwaka 1924 akaziuza kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wangali wamesimama humo, bila sharafa, nao ni wadogo kuliko walivyokuwa hai, kwa kuwa ngozi zilipunguzwa kingo zilipofanywa mazulia.