Kilichokunjwa Katika Sajili ya Ardhi ya Kwale

Kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, Kombani ndipo njia ya Kwale mjini inapokata kulia na kuanza kupanda vilima. Mtu wa Waa, Ng'ombeni au Tiwi mwenye shida ya shamba hupita hapo, kwa kuwa msajili wa ardhi yuko huko juu. Na shida hizo haziishi, hasa tangu barabara ya Dongo Kundu iunganishe Miritini na Kibundani bila ya kivuko na kuusogeza ukanda huu karibu zaidi na bandari ya Mombasa. Migogoro ya ardhi ya Pwani ya Kenya huelezwa mara nyingi kwa habari ya uongo: hati ya kughushi, saini ya marehemu, mpaka uliosogezwa usiku. Uongo huo upo, na umewaumiza wengi. Lakini ukiifuata historia ya sajili yenyewe, utaona kwamba madhara makubwa zaidi yametokana na maandishi ya kweli yaliyofichwa kwa ruhusa ya sheria. Sajili ilibuniwa ionyeshe jina moja na kukunja mengine yote nyuma yake, na hakuna aliyepewa wajibu wa kuyakunjua pale mtu anapokuja kuuliza. Kukunja si kosa. Kosa ni kukunja kusikofunguka.

Itazame kadi yenyewe, ile ambayo wanunuzi na mawakili wa Kenya huiita kadi ya kijani. Ina sehemu tatu. Sehemu ya A hutaja ardhi: nambari ya kiwanja, ukubwa wake na karatasi ya ramani. Sehemu ya B humtaja mwenyewe, na katika ya C huandikwa mizigo iliyo juu ya ardhi hiyo, kama vile rehani ya benki. Mtu anayelipia upekuzi hupewa muhtasari wa sehemu hizo tatu, na huo ndio anaourejesha Kombani mkononi akiamini kwamba ameiona ardhi yote. Sasa kisome kifungu cha 126 cha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Kilisema kwamba mtu anayeshika ardhi kwa niaba ya wengine anaweza kuandikwa na kuongezewa maneno mawili tu, "kama mdhamini", na kikamkataza msajili kuandika lolote kuhusu udhamini huo: ni wa nani, wangapi, kwa masharti gani. Waraka wa udhamini uliruhusiwa kuwekwa ofisini kwa usalama, lakini sheria ikatamka kwamba hautakuwa sehemu ya sajili. Maana yake ni kwamba karatasi yenye majina ya wenye haki ingeweza kulala kabatini katika jengo lile lile, na mtu aliyelipia upekuzi wa kiwanja hicho asiambiwe kwamba ipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, iliyoifuta ile ya 1963, ilikirithi kifungu hicho karibu neno kwa neno.

Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima tukumbuke ardhi ya Wadigo ilivyokuwa kabla ya kadi. Haki hazikuwa rundo moja la mtu mmoja. Mtu aliweza kuwa na minazi juu ya ardhi isiyokuwa yake, akaiuza, akaiweka rehani au akairithisha, na mwenye ardhi akabaki na ardhi yake. Urithi nao ulikuwa na njia mbili zilizovutana. Kwa desturi ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, mali ya mtu ilikwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Uislamu ulipokita mizizi kusini mwa Mombasa, watoto wake wa kuwazaa wakawa na fungu lao kwa sharia, na mvutano huo ukawashughulisha makadhi, wazee na maafisa wa kikoloni kwa miaka mingi. Kumbukumbu ya nani ana nini ilikaa kwa mashahidi. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyeandika juu ya Wagiriama wa upande wa Kaloleni katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuwatia mashahidi katika jina la kitabu, pamoja na minazi na tembo lake. Shahidi alikuwa na sifa moja ambayo kadi haina: ukimtajia shamba, hakungoja umuulize swali la pili. Alikueleza mwenye shamba, mwenye minazi, mwenye deni na aliyewahi kulalamika.

Maandishi yalipoingia, yaliingia na masharti. Mwaka 1895 Uingereza ilikodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi wa pwani, na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya ukanda huo. Kila mwenye dai alitakiwa alilete mbele ya afisa wa kuandikisha kwa muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Haki iliyokuwa mdomoni mwa mashahidi na isiyofika mezani haikukanushwa na mtu, ila haikuandikwa, na hiyo ilitosha kuizima. Mwaka 1963 mambo mawili yalifuatana kwa wiki chache. Septemba ilianza kutumika ile Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Oktoba, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakabadilishana barua za kuuingiza ukanda wa pwani katika Kenya huru, na miongoni mwa ahadi ikawamo ya kuziheshimu hati za milki zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi iliwalinda walioandikwa. Waliokunjwa nyuma ya walioandikwa hawakupata sentensi yao.

Kisha ikaja kazi ya kuipima ardhi na kuamua wenyewe, chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968. Nataka tuitendee haki sheria hii, kwa sababu iliwapa watu mlango. Kamati ya wenyeji ilisikiliza, sajili ya mwanzo ilibandikwa hadharani, na aliyeona amedhulumiwa alipewa siku 60 za kuweka pingamizi, kisha siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa waziri. Kiwanja chenye rufaa kiliandikiwa zuio mpaka rufaa iamuliwe. Hapo kwa muda mfupi sajili ilikuwa wazi kweli kweli. Tatizo ni kilichofuata. Rufaa ikiisha, zuio linaondolewa na mabishano yote yanabaki katika faili: nani alipinga, alisema nini, kamati ilijibu nini. Kadi inabaki safi. Na juu ya usafi huo sheria ya 1963 ilikuwa imeweka kifungu cha 143: mahakama iliweza kurekebisha sajili iliyopatikana kwa hila au kwa makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Ndugu mkubwa aliyeandikishwa peke yake kwa niaba ya mama, dada na wadogo zake alipata kinga ambayo hata hila iliyothibitishwa haikuivunja.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja, na si nyepesi. Mfumo wa sajili uliotoka Australia Kusini kwa Robert Torrens mwaka 1858 ulikusudiwa kumwokoa mnunuzi na kazi ya kuchimba nyaraka za vizazi. Baadaye, mwaka 1957, Mwingereza Theodore Ruoff akaieleza misingi yake, mmojawapo akauita pazia: mnunuzi aitazame sajili na asihangaike na udhamini ulio nyuma yake. Bila ya pazia, wanasema, kila mauzo yatakuwa kesi, benki haitakopesha, na mkulima atakuwa na ardhi asiyoweza kuitumia kupata mtaji. Nakubali kwamba mnunuzi anastahili karatasi fupi. Ila majaji wenyewe wa Kenya hawakuweza kuishi na pazia hilo. Mwaka 1971, katika kesi ya Muguthu, Jaji Madan aliona kwamba kaka mkubwa aliyesajiliwa kwa mila alikuwa mdhamini hata kama kadi haikusema hivyo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Obiero na Opiyo, mahakama ikaamua kinyume, kwamba haki za kimila zisizoandikwa zilikufa siku ya usajili. Mvutano huo ulidumu mpaka mwaka 2018, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya M'Inanga kwamba udhamini wa kimila unaifunga ardhi ingawa haukuandikwa, na kwamba anayeudai halazimiki hata kuwa anaishi juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo mnunuzi wa leo yuko mahali pabaya kuliko pale Torrens alipomtoa: haki iliyokunjwa inamfunga, na sajili bado imekatazwa kumwonyesha.

Kuna watu waliokutana na tatizo hili katika uwanja mwingine, nao ni watengenezaji wa programu za kuandikia. Desemba 9, 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu orodha ndefu ya vitu vya kununua inayoweza kufungwa kwenye skrini ikabaki vichwa vyake, na kufunguliwa tena. Mwaka ule ule Kenya ilikuwa ikipitisha sheria yake ya uamuzi wa ardhi. Kukunja matini kukaenea katika programu nyingi, na mara likazuka swali: mtu akitafuta neno, na neno hilo limo ndani ya mkunjo, afanyiwe nini? Jibu la kumwambia neno limepatikana huku halioni lilikuwa upuuzi. Mholanzi Bram Moolenaar, alipoingiza mikunjo katika toleo la 6.0 la programu yake ya Vim mwaka 2001, aliweka kwamba mkunjo ufunguke wenyewe pale utafutaji unapoangukia ndani yake, au mtu anapoanza kuandika humo, na kwa anayetaka, ujifunge tena kishale kinapotoka. Mkunjo uliofungwa nao hausemi uongo: huonyesha vistari, idadi ya mistari iliyofichwa, na maneno ya kwanza ya mstari wa mwanzo. Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1994 alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, Rakai, kusini mwa Uganda, na ndiyo sababu programu hiyo hadi leo huwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wa Uganda.

Kanuni aliyoifuata inafaa sajili: ukurasa ubaki mfupi, lakini anayegusa mahali penye kitu kilichofichwa aonyeshwe pale pale, bila ya kujua amri ya siri ya kukifungua. Kwa Kwale maana yake ni kwamba upekuzi wa kiwanja utoe, pamoja na sehemu za A, B na C, mistari michache: kuna waraka wa udhamini umewekwa ofisini tarehe fulani, kulikuwa na pingamizi nambari fulani wakati wa upimaji, likaamuliwa hivi, faili ina kurasa kadhaa.

Kuna watakaopinga kwa ajili ya siri za watu, wakiitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini sipendekezi mambo ya familia yabandikwe ukutani. Anayeomba upekuzi hutaja kiwanja kimoja, na kinachofunguka ni cha kiwanja hicho, kwa ombi hilo. Wengine watasema walaghai watajaza madai ya uongo ili kuzuia mauzo. Sajili tayari inapokea madai yasiyothibitishwa kwa njia ya tahadhari, humjulisha mwenye ardhi na huyaondoa yasipothibitika. Tena kuonyesha kwamba pingamizi liliwahi kuwepo na likaamuliwa ni kutaja tukio la ofisi yenyewe, si kumpa mtu ushindi. Hoja ninayoiogopa zaidi ni ya wale wanaosema tusubiri kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi Aprili 2021, na ni jambo jema. Ila mashine inayonakili kadi hunakili uso wa kadi. Faili za pingamizi zisipoingizwa na kufungwa kwenye nambari ya kiwanja wakati wa kuhamisha, mkunjo wa zamani utageuka kuwa kitu kilichopotea, na hapo hakutakuwa na cha kukunjua.

Aprili 21, 2023, katika kesi ya Dina Management kuhusu ardhi ya ufukweni Nyali, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kushika hati hakutoshi. Mwenye hati aonyeshe ardhi ilivyopatikana kihalali tangu mzizi wake. Mzigo wa kukunjua umewekwa mabegani mwa mnunuzi, naye ndiye asiye na ufunguo wa kabati. Bunge liyafute maneno yanayomkataza msajili kuandika habari za udhamini, na Wizara ya Ardhi iagize kila jibu la upekuzi litaje faili zote za kiwanja husika. Mpaka hapo, anayenunua shamba Kombani asitoe pesa kwa jibu la upekuzi peke yake. Aombe kadi nzima na kumbukumbu za upimaji, awaite majirani wa mipaka yote, na awaulize wenye shamba, mama na dada zao wakiwepo, minazi ile ni ya nani.