Hesabu Inaanzia Wapi? Majina ya Vipimo vya Wakati na Mafunzo ya Watoto Wadogo

Mwalimu wa darasa la kwanza anapoandika ubaoni majina ya siku saba, aghalabu huanza na Jumatatu. Mtoto msikivu huisikia "tatu" ndani ya jina hilo, naye huuliza: siku ya tatu yawezaje kuwa ya kwanza? Swali hilo si utundu. Ni swali la istilahi, na jibu lake limo katika historia ya lugha yetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya vipimo vya wakati katika Kiswahili hayakukosewa. Kila jina limehifadhi mahali ambapo hesabu yake ilianzia. Mtoto asipoonyeshwa mahali hapo hulazimika kukariri asichokielewa.

Tuanze na juma. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa Ijumaa, siku ya watu kukusanyika kwa sala. Waswahili wa pwani walianza kuhesabu pale Ijumaa inapokwisha: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mosi na pili ni namba za kale ambazo mtoto wa leo hazitumii anapohesabu vidole, ijapokuwa angali akisikia "tarehe mosi" na "Mei Mosi". Alhamisi na Ijumaa zilibaki na majina ya Kiarabu. Alhamisi nayo maana yake ni "ya tano", kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao siku ya Jumapili. Hivyo tunazo siku mbili za tano zinazofuatana, kila moja kwa hesabu yake. Kisha, mwaka 1988, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 8601, ambacho kwacho juma huanza Jumatatu. Basi katika juma moja zimekutana hesabu tatu, na mtoto anatakiwa azipokee zote kwa pamoja.

Saa nayo ina kisa chake. Nchi zetu zi karibu na Ikweta. Jua huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo ilifaa sana kuhesabu saa za mchana tangu macheo, na za usiku tangu machweo. Saa moja asubuhi ni saa moja ya mchana iliyokwisha kupita. Lakini uso wa saa ulioletwa kutoka ng'ambo ulitengenezwa kwa hesabu inayoanza usiku wa manane na adhuhuri. Mtoto huona mshale mfupi umeelekea 7, naye huambiwa aseme "saa moja". Walimu wengi humfundisha asome namba iliyo mkabala. Mbinu hiyo hutoa jibu sahihi, lakini haimwelezi mtoto kwamba namba hizo mbili zatofautiana kwa sita kwa sababu hesabu mbili zina mianzo miwili.

Jambo hili si la watoto peke yao. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza magharibi, na hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa pwani ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu mwingine akisoma maneno hayo katika tangazo aweza kufika siku ya pili yake. Ndiyo maana kauli "usiku wa kuamkia Ijumaa" imekuwa na manufaa makubwa: huondoa utata bila kuzua neno jipya. Yafaa watumishi wa ofisi na wafasiri waizingatie.

Mfano wa mwisho ni mwongo. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanza Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Unguja, ingali ikiadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Kwa miongo hiyo watu walijua majira ya pepo na ya kupanda. Leo neno hilo, ambalo huandikwa muongo ili litengane na mwongo asemaye uongo, lina maana ya miaka kumi. Kumi limebaki, kinachohesabiwa ndicho kilichobadilika.

Hatupendekezi kubadili majina haya. Tunapendekeza kwamba vitabu vya darasa la kwanza na la pili, kabla ya zoezi lolote la kusoma saa au kutaja siku, viwe na swali moja fupi: hesabu hii inaanzia wapi? Mtoto apelekwe nje aone jua likichomoza, ahesabu siku tangu Ijumaa, kisha ndipo aonyeshwe saa ya ukutani na kalenda. Yule aliyeuliza juu ya Jumatatu hakukosea hesabu, na mwalimu anayemkemea humfundisha kwamba maneno ya lugha yake hayana maana.