Wachumba wa Lecco: hadithi ya mapendo isiyochafua moyo

Mara nyingi wazazi Wakristu wanauliza: Je, yafaa vijana wetu wasome vitabu vya hadithi za mapendo? Wengine wanajibu upesi: Havifai, vinapoteza wakati na kuchafua moyo. Wengine wanawaachia vijana wasome kila kitu, mradi wanasoma. Sisi tunaona kwamba majibu hayo mawili yana haraka mno. Afadhali tuangalie historia ya kitabu kimoja, ambacho mtungaji wake alikuwa Mkatoliki wa kweli, na ambacho ndani yake mna mambo yote yanayowavuta wasomaji: uchumba, hatari, kukimbia usiku, jambazi mkubwa, njaa na tauni. Kitabu hicho kinaitwa I promessi sposi, maana yake Wachumba. Aliyekitunga ni Alessandro Manzoni wa Milano, katika nchi ya Italia.

Hofu ya wazazi si ya bure

Katika karne ya 19 hadithi ndefu za kutungwa zilienea sana Ulaya. Nyingine zilitoka kipande kwa kipande katika magazeti, na watu walizingojea kwa hamu. Eklezya iliogopa, kwa maana baadhi yake zilisifu uzinzi kana kwamba ni ushujaa. Katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa ziliingizwa hadithi za mapendo za watungaji wenye sifa kubwa wa Ufaransa, kama Stendhal, Balzac na Alexandre Dumas. Orodha hiyo ilikoma kuwa sheria mwaka 1966, wakati wa Papa Paulo VI. Lakini tusikosee: kazi ya kuchagua haikukoma. Imehamia nyumbani mwetu na katika dhamiri ya kila msomaji.

Kitabu cha Manzoni hakikuingia kamwe katika orodha hiyo. Kwa nini? Tumjue kwanza mtu mwenyewe.

Mtungaji

Manzoni alizaliwa Milano mwaka 1785. Katika ujana wake aliiacha dini. Mwaka 1808 alimwoa Enrichetta Blondel, binti wa madhehebu ya Calvin, mbele ya mchungaji. Baadaye Enrichetta alijifunza dini ya Kikatoliki, na mwaka 1810 akapokelewa katika Eklezya. Mwaka huohuo ndoa yao ilibarikiwa Kikatoliki, na Manzoni akarudi katika imani. Basi huyu aliyeandika habari za wachumba aliijua neema iliyomo katika nyumba ya watu wawili.

Alianza kuandika hadithi yake mwaka 1821. Kitabu kilitoka mwaka 1827. Lakini hakuridhika na lugha yake. Alikwenda Firenze asikilize Kiitalia kinavyosemwa huko, kisha akakisahihisha kitabu chote, sentensi kwa sentensi. Matoleo mapya yalitoka miaka 1840 hadi 1842. Tangu hapo watoto wa shule wa Italia wamejifunza lugha yao katika hadithi ya mapendo ya wachumba wawili maskini.

Hadithi yenyewe

Tupo mwaka 1628, karibu na Lecco, kando ya ziwa la Como. Nchi inatawaliwa na Wahispania. Kijana Renzo na mchumba wake Lucia wanafanya kazi ya hariri. Ndoa yao ni kesho. Lakini tajiri mmoja, don Rodrigo, amemtamani Lucia, na ameshindana na binamu yake kwamba atampata. Anawatuma watu wake wenye silaha kwa paroko, padri Abbondio, wamwambie kwamba ndoa hiyo isifungwe. Paroko ni mwoga. Anatunga visingizio, na ndoa haifungwi.

Hapo wachumba wanajaribu hila. Kufuata amri ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1563, ndoa ilihitaji paroko na mashahidi. Watu wengine walisema: Tukimwingilia paroko ghafula, tukatamka maneno yetu mbele yake na mbele ya mashahidi wawili, ndoa imekwisha, hata akikataa. Renzo anatamka maneno yake. Lucia anaanza, lakini paroko anamfunika uso kwa kitambaa cha meza na kupiga kelele. Msomaji anacheka na kuogopa pamoja. Njia hiyo ya hila Eklezya iliiziba mwaka 1907, ilipoamuru kwamba padri mwenyewe ndiye awaulize wachumba na kupokea jibu lao.

Usiku uleule wachumba wanakimbia kwa mtumbwi, wakisaidiwa na padri Cristoforo, Mkapuchini. Lucia anafichwa katika nyumba ya masista huko Monza. Renzo anafika Milano siku ambayo watu wenye njaa wanavunja duka la mikate, anakamatwa, anatoroka. Lucia naye anaibwa na jambazi mwenye nguvu kuliko wote, ambaye mtungaji hamtaji jina. Usiku Lucia anasali rozari. Usiku huohuo jambazi hapati usingizi, kwa maana machozi ya binti yule yameamsha dhamiri yake. Asubuhi anasikia kengele: Kardinali Federico Borromeo amekuja kutembelea bonde lile. Jambazi anakwenda kwake na silaha zake, na anatoka ameongoka.

Kisha inakuja tauni ya mwaka 1630. Katika uwanja wa wagonjwa wa Milano, Renzo anamtafuta Lucia kati ya maelfu ya watu. Kabla hajampata, padri Cristoforo anampeleka mbele ya don Rodrigo, ambaye yuko katika kufa, na kumtaka amsamehe adui yake. Renzo anasamehe. Ndipo anampata mchumba wake.

Nini kweli, nini kutungwa?

Msomaji mwenye akili aulize swali hilo kila mara. Renzo, Lucia na don Rodrigo ni watu wa kutungwa. Manzoni anasema kwamba aliikuta hadithi katika maandiko ya zamani. Hayo nayo ni ya kutungwa. Lakini Kardinali Federico Borromeo alikuwa mtu wa kweli, askofu mkuu wa Milano tangu 1595 hadi 1631, na nyumba ya vitabu aliyoifungua mwaka 1609, iitwayo Ambrosiana, ingali ipo. Tauni ni ya kweli, na Wakapuchini waliowahudumia wagonjwa ni wa kweli. Sista wa Monza naye alikuwako, binti aliyelazimishwa na baba yake kuingia utawani; lakini mambo yake yalitokea miaka ishirini na zaidi kabla ya 1628, na Manzoni aliyahamisha.

Palipo na jambo zito, Manzoni hakutaka kuchanganya. Wakati wa tauni watu wa Milano walisema kwamba kuna waovu wanaopaka sumu kwenye kuta. Mwaka 1630 watu wasio na kosa waliteswa mpaka wakakiri, kati yao kinyozi Mora na Piazza, mtumishi wa afya, kisha wakauawa. Nyumba ya Mora ilibomolewa, na nguzo ya aibu ikasimamishwa mahali pake. Habari hiyo Manzoni aliitoa katika riwaya, akaiandikia kitabu chake, akakitoa pamoja na toleo la 1840 hadi 1842. Humo alionyesha kwamba mahakimu wangeweza kuujua ukweli kama wangetaka. Wasomaji wa Beni na Butembo, walioona Ebola miaka 2018 hadi 2020 na uvumi uliowapata watumishi wa afya, wataelewa bila kufundishwa.

Namna ya kuandika kwa usafi

Sasa tufike kwenye swali la wazazi. Manzoni alifanyaje hata hadithi yenye tamaa, wizi wa msichana na sista aliyeanguka isichafue moyo?

Kwanza, hakuficha dhambi. Don Rodrigo ni mwovu na tunamwona hivyo. Lakini Manzoni hakukaa juu ya dhambi kama nzi juu ya kidonda. Katika maandiko yake ya kwanza alieleza kosa la sista kwa kurasa nyingi sana. Katika kitabu kilichochapwa alizifuta, akaacha maneno machache tu. Msomaji anaelewa yote, wala hapewi cha kuchezea moyoni.

Pili, alipima mapendo. Katika maandiko hayo ya kwanza alieleza kwamba mapendo ya mume na mke ni ya lazima duniani, lakini yapo ya kutosha, wala hayahitaji kuchochewa na vitabu. Yaliyopungua ni huruma, kumpenda jirani, upole na kujitoa. Kwa hiyo Renzo na Lucia hawasemezani maneno matamu mengi. Mapendo yao tunayaona katika uaminifu: hawasahauliani, hata njaa na tauni zikiwatenga.

Tatu, dini haikubandikwa juu ya hadithi kama karatasi ukutani. Ukiondoa rozari ya Lucia, ukiondoa msamaha wa Renzo, hadithi haiwezi kwenda mbele.

Wengine walifuata njia ya kuwaingiza Wakristu wa zamani katika hadithi. Mwaka 1854 Kardinali Wiseman wa Uingereza alitoa Fabiola, juu ya mashahidi wa Roma. Miaka 1895 na 1896 Henryk Sienkiewicz wa Polonia alitoa Quo Vadis, ambamo askari wa Roma anampenda binti Mkristu wakati wa Nero. Vyote viwili vimesomwa duniani pote.

Basi wazazi wafanye nini?

Wasichome vitabu, wala wasifumbe macho. Wasome pamoja na watoto wao, na waulize maswali matatu. Kitabu hiki kinaonyesha dhambi kuwa dhambi, au kinaipamba? Mapendo yake yanangoja na kuvumilia, au ni tamaa tu? Nikikifunga, natamani kuwa mwema zaidi, au moyo wangu umechafuka? Kitabu kikishinda maswali hayo, kijana akisome kwa furaha, hata kama kina hatari na machozi. Moyo wa kijana hauwezi kukaa mtupu; asipopewa hadithi njema, atatafuta nyingine gizani.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alikipenda kitabu cha Manzoni tangu utoto. Bibi yake alimfundisha mwanzo wake kwa moyo. Tarehe 27 Mei 2015, akifundisha juu ya uchumba, aliwahimiza wachumba wakisome. Hakuwapa kitabu cha sheria tu. Aliwapa pia hadithi ya vijana wawili waliongoja miaka miwili, wakateswa, wakabaki waaminifu mpaka mbele ya altare. Nasi twawatakia wachumba wa parokia zetu uaminifu uleule, kwa neema ya Mungu.