Bledi za msumeno wa nakshi: Jinsi ya kuchagua, kufunga na kutunza

Mti wa mathenge, ulioenea kandokando ya Mto Tana na ambao serikali iliutangaza kuwa gugu hatari mwaka wa 2008, hauna wa kuusifu miongoni mwa wafugaji wa Balambala, Kaunti ya Garissa. Fundi seremala ana sababu ya kuutazama kwa jicho jingine. Ubao wake ni mgumu, mzito na haujikunji sana unapokauka, hivyo wafaa kwa marufaa, fremu za picha na nakshi za kutoboa.

Hata hivyo, ugumu huo ndio unaomaliza bledi. Ikikatika ndani ya nakshi, kazi ya saa nzima huweza kuharibika.

Bledi za msumeno huu, uwe wa mashine au wa mkono, kwa kawaida huwa na urefu wa inchi 5, yaani milimita 127. Ziko zenye kipini kidogo kila ncha na zisizo nacho. Zenye kipini ni rahisi kufunga, lakini huhitaji tundu kubwa, hivyo hazifai nakshi ndogo.

Nambari ikiwa ndogo, bledi ni nyembamba. Kwa plaiwudi ya milimita 6, nambari 1 hadi 3 inatosha. Ubao laini wa milimita 18 wahitaji nambari 5, nao mathenge wa unene huo nambari 7 au 9. Kwa vyovyote, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya ubao wakati wowote. Yakipungua, ubao huruka na kuchanika.

Katika kufunga, kosa la kawaida ni kugeuza meno. Kwenye mashine meno huelekea chini, mezani. Kwenye msumeno wa mkono huelekea kwenye mpini, kwa kuwa hukata unapovutwa. Mashine izimwe na kung'olewa kwenye umeme kwanza. Ncha za bledi zisuguliwe kwa msasa kuondoa mafuta ya kiwandani, la sivyo zitachomoka kwenye vibano. Kisha bledi ikazwe mpaka ikitekenywa kwa kidole itoe mlio mwembamba, na ikisukumwa kando isisogee zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea hupinda na kukata mshazari. Iliyokazwa kupita kiasi hukatika.

Fundi asishangae msumeno ukielemea upande mmoja. Bledi nyingi hubaki na makali zaidi upande mmoja zinapotengenezwa, na dawa ni kuuelekeza ubao mshazari kidogo.

Ubao ukianza kuungua au ikibidi kuusukuma kwa nguvu, bledi imekufa. Hainolewi, hutupwa. Kung'ang'ania bledi butu ili kuokoa shilingi chache ni hesabu mbaya, kwani hukatika ghafla na kidole huwa karibu. Kubandika utepe wa plastiki juu ya ubao kabla ya kukata hupunguza joto na kurefusha maisha ya bledi.

Bledi mpya zihifadhiwe ndani ya kopo kavu, zikiwa zimepakwa mafuta kidogo kuzuia kutu. Vipande vilivyokatika viwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko, visifagiliwe nje wanakopita mbuzi na watoto wasiovaa viatu.