Feni iliyoacha mkanda ikafuata waya

Gari likianza kuchemsha kwenye foleni, ushauri mmoja hutolewa haraka gereji: ng'oa hiyo feni ya klachi, funga feni mbili za umeme, usahau shida. Fundi huchukua feni zilizotolewa kwenye gari dogo la Kijapani, akazifunga kwenye rejeta, akavuta waya mpaka kwenye swichi, na kabla ya jioni mwenye gari ameshaondoka. Yapo magari yanayopona. Yapo pia yanayorudi yakivutwa kwa kamba, gasketi ya silinda hedi imeungua. Ili kujua ni kwa nini, inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1900, Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler, Ujerumani, alimtengenezea mfanyabiashara Emil Jellinek gari jipya, Mercedes ya nguvu za farasi 35. Rejeta yake ilikuwa na vijibomba 8,070 vya pembe nne. Hewa ilipita ndani yake, maji yakapita katika nafasi zilizoachwa kati yake. Nyuma ya rejeta Maybach aliweka feni ndogo ya kuvuta hewa gari linapokwenda polepole. Kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unatosha kabisa. Likisimama, au likipanda mlima kwa gia ndogo, lazima kitu kingine kivute hewa.

Kwa miongo mingi kitu hicho kilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, kama kwenye Ford Model T. Ni njia rahisi na imara, lakini ina kasoro moja kubwa: feni huzunguka kwa kasi zaidi pale isipohitajika, yaani gari likiwa mbio kwenye lami. Na inakula. Ukiongeza kasi ya feni mara mbili, nguvu inayotakiwa kuizungusha huongezeka mara nane. Nguvu hiyo yote inatoka kwenye mafuta ya mwenye gari, tena kwa kelele.

Miaka ya 1950 na 1960 watengenezaji wa Marekani walizidi kuweka viyoyozi ndani ya magari, na kiyoyozi kikaleta kondensa mbele ya rejeta. Feni zikalazimika kuwa kubwa, kelele ikazidi. Jibu lilipatikana kwenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo viwanda vilianza kuyatengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1940.

Klachi ya silikoni ni kifaa ninachokiheshimu sana. Ndani yake kuna sahani inayozungushwa na injini na kasha linalobeba mapanga ya feni, na vitu hivyo viwili havigusani. Kati yao kuna mifereji myembamba. Mbele ya kasha kuna springi bapa iliyosokotwa, ya metali mbili zilizogandishwa pamoja, ambayo hujikunja au kujikunjua kwa kufuata joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipoa, springi hufunga kilango, mafuta hurudi kwenye chemba yake ya akiba na feni inateleza, ikizunguka kivivu. Hewa ikipata moto, kilango hufunguka, mafuta hujaa kwenye mifereji, na unato wake unalivuta kasha lizunguke na sahani. Ndipo ule mngurumo unaposikika mlimani. Hakuna waya, swichi wala fyuzi.

Wafaransa walipita njia yao. Peugeot 404, iliyotoka 1960, ilikuwa na feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: swichi ya joto kwenye rejeta ilipeleka umeme, sumaku ikanasa feni, maji yakipoa ikaiachia. Gari hilo lilishinda mashindano ya East African Safari mara nne: 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki wa Kenya, 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland wa Tanzania. Mafundi wetu wa zamani waliifahamu vizuri kabon brashi yake ndogo, maana ikiisha, feni haishiki tena.

Feni yenye mota yake kamili tayari ilikuwepo. Jaguar E-Type ya 1961 ilikuwa nayo, pamoja na swichi ya joto. Kilichoizuia isienee ni dinamo, ambayo injini ikiwa sailensi huzalisha umeme kidogo mno, na ni wakati huo huo, gari limesimama juani, ambapo feni inautaka umeme kuliko wakati wowote. Alteneta, iliyoingia kwenye magari ya kawaida na Chrysler Valiant ya 1960, ndiyo iliyofungua njia.

Msukumo mkubwa ulitoka Italia. Katika Mini ya Uingereza ya 1959, mhandisi Alec Issigonis aliilaza injini kwa upana, akalazimika kuificha rejeta ubavuni ili feni ya mkanda iifikie. Dante Giacosa wa Fiat aliamua vingine. Katika Fiat 128 ya 1969 rejeta ilibaki mbele, penye upepo, na feni ya umeme ikafungwa juu yake, huru na injini. Volkswagen Golf ya 1974 ikafuata mkondo huo. Mafuta yalipopanda bei baada ya Oktoba 1973, magari madogo ya injini ya kulala yakatapakaa duniani, na feni ya waya ikaenda nayo.

Kwa hiyo feni ya umeme haikushinda kwa kupuliza zaidi. Ilishinda kwa sababu injini iligeuzwa. Feni inayovuta ampia 30 kwenye umeme wa volti 12 inapata wati 360 tu, wakati feni kubwa ya klachi ikishika sawasawa huchukua kilowati kadhaa kutoka kwenye injini. Saluni ya mjini wati hizo zinaitosha, mradi fundi aweke relei, waya mnene, swichi ya joto badala ya swichi ya mkono, na kava la plastiki linaloifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Pikapu yenye tani ya viazi mlimani Kitonga ni habari nyingine, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 hazijaiacha klachi.

Mwenye gari la namna hiyo aanze kwa kuipima klachi. Zima injini ikiwa ya moto, kisha sukuma panga la feni kwa mkono. Likizunguka raundi kadhaa bila kukaza, silikoni imekwisha, na mara nyingi utaona mafuta yaliyoganda na vumbi kuzunguka springi au beringi. Toyota huuza silikoni hiyo kwenye vichupa vya mililita 18, ya unato tofauti, na fundi mtulivu anaweza kuifungua klachi na kuijaza upya bila kugusa waya hata mmoja.